Tuta na Dhamana: Mhadhara juu ya Sheria za Mafuriko za Marekani



Mwaka juzi, katika ukumbi huu huu, mwenzetu mmoja ambaye elimu yake naiheshimu kuliko anavyodhani alitamka, kwa utulivu wa mtu asiyetazamia kupingwa, kwamba sheria za shirikisho la Marekani mintarafu ya mafuriko zilizaliwa tarehe 22 Juni 1936, pale Rais Roosevelt alipotia sahihi sheria iliyokiri kuwa kuzuia mafuriko ni kazi inayoistahili serikali ya taifa zima, na kwamba yote yaliyotangulia yalikuwa mambo ya majimbo na wakulima na sepetu zao. Usiku ule usingizi haukunijia, nanyi leo ndio mtakaoulipa.

Sitawachosha kwa habari za sheria za 1849 na 1850, zilizoyapa majimbo ardhi za majimaji ili mapato yake yajenge matuta, maana hizo wanafunzi wa mwaka wa pili wanazijua. Naanza na 1879, Bunge lilipounda Tume ya Mto Mississippi. Katiba ya nchi ile haikutaja mafuriko hata kwa neno moja. Ilitaja biashara baina ya majimbo, na Mahakama Kuu ilikwisha kuamua tangu 1824 kwamba biashara hiyo ni pamoja na safari za vyombo. Basi wabunge, ambao waliona haya kusema kwamba wanamkinga mkulima wa pamba na maji, wakatoa fedha kwa hoja kwamba tuta huubana mto, mto uliobanwa hukimbia, na mto unaokimbia hujichimbia kina cha kupitisha meli. Je, serikali hiyo haikuwa imeingia matopeni? Ilikuwa imeingia hata magotini, ila ilivaa kanzu ya nahodha. Mwaka 1917 kanzu ikavuliwa: sheria ya mwaka ule ilitenga dola milioni 45 kwa Mississippi na zaidi ya milioni 5 kwa mto Sacramento wa California, na kuzuia mafuriko kukatajwa kwa jina lake, miaka 19 kabla ya hiyo iitwayo siku ya kuzaliwa. Sijui mtoto gani huyo aliyeanza kutumia fedha kabla hajazaliwa.

Kisha ikaja 1927. Tarehe 21 Aprili tuta la Mounds Landing, kwenye mto huo huo wa Mississippi, lilipasuka, maji yakafunika bonde zima, watu zaidi ya laki sita wakahama makwao, na huko Greenville vibarua weusi wakazuiliwa juu ya tuta lenyewe, chini ya bunduki, wafanye kazi ya kupakua shehena za msaada. Sheria ya 15 Mei 1928 ikatoa dola milioni 325 na kuiacha ile itikadi ya matuta peke yake: mto upewe na milango ya kutokea.

Mlango mmoja nimeuona kwa macho yangu, Bonnet Carré, juu kidogo ya New Orleans. Una vipenyo 350, na kila kipenyo kimezibwa kwa boriti 20 zilizosimamishwa wima. Mto ukizidi, kreni hupita juu kwa reli ikizing'oa, maji yakamwagikia ziwa Pontchartrain. Siku niliyofika ulikuwa umefungwa, lakini maji yalikuwa yakichuruzika baina ya boriti na kuingia kwenye majani ng'ambo ya pili, bila ya kumtisha mtu. Nikalikumbuka dungu la babu yangu huko Rufiji, kibanda juu ya nguzo ambamo tulilala maji yakipita chini yetu, nami asubuhi nikimwamkia jirani aliyekuja kwa mtumbwi mahali ambapo juma lililopita palikuwa njia ya miguu. Maji yalipopungua, babu alipanda mlau, yaani mazao ya baada ya mafuriko, kwenye tope.

Hapo ndipo ninapomwita shahidi wangu, Gilbert White, na mniwie radhi nikimkalia kitako. Mtu huyu wa Chicago alikuwa mtumishi kijana katika kamati za maji za Washington zama hizo hizo za Roosevelt, akaziona sera zikipikwa jikoni. Naye, badala ya kuishangilia 1936, aliandika tasnifu mwaka 1942, ikachapwa 1945, akihoji kwamba tuta likishajengwa watu hujenga nyuma yake kwa imani, hata siku likishindwa hasara ikawa kubwa mno, ilhali ziko njia nyingine: kuinua nyumba, kuonya mapema, kuchagua pa kujenga, na bima, ambayo Bunge liliikubali 1968. Babu hakumsoma White, lakini White angalimfahamu babu. Miaka ya 1960 alikuja kwetu, pamoja na mkewe Anne na tabibu David Bradley, wakapima maji wanayoteka na kutumia watu wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakatoa kitabu mwaka 1972. Nakala yangu jalada limeng'oka kwa kufunguliwa.

Nakiri, kwa insafu, kwamba sheria ya 1936 iliieneza kazi hii nchi nzima, na ikaweka mizani: faida zizidi gharama, ziwe za yeyote yule. Lakini dibaji ya sheria ni mahali pa mwisho pa kuitafutia roho yake. Roho hukaa katika kifungu ambacho msomaji mwenye haraka hukiruka. Kwangu mimi kifungu hicho ni cha 3 cha sheria ya 1928, kinachosema kuwa serikali haitabeba dhima yoyote kwa hasara itokanayo na mafuriko, mahali popote. Iliuchukua mto, ikamwachia raia lawama.

Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipopiga, kuta za mifereji ya New Orleans zilianguka, na wakazi wakaishitaki serikali kwa ujenzi mbovu wa wahandisi wa jeshi. Jaji Stanwood Duval aliwakemea wahandisi hao kwa maneno makali, kisha, Januari 2008, akaifuta kesi, kwa nguvu ya sentensi moja iliyoandikwa miaka 8 kabla ya siku ambayo mwenzangu anadai kwamba sheria hizi zilizaliwa.