Banda la Kuku Lenye Miguu Wakati wa Kipupwe
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nimepewa nafasi ya kusema machache juu ya banda la kuku lenye miguu, nasi twakaribia kipupwe. Jambo lenyewe laonekana dogo, lakini katika nyumba nyingi za Limuru, Kinangop na Molo mayai ndiyo yanunuayo chumvi, sabuni na madaftari ya watoto.

Kwetu nyanda za juu, tangu Juni hata Agosti, ukungu hutanda siku nyingi na jua huadimika. Hapo mtu huwaonea kuku wake huruma, akaziba kila tundu kwa magunia. Mwingine hutia na jiko la makaa ndani. Wazee wangu, huruma hiyo yaua. Pumzi za kuku zisipopata pa kutokea hugeuka unyevu, ukalowesha manyoya. Harufu ya kinyesi nayo huchoma macho na mapafu. Jiko hutoa hewa ya sumu isiyonuka. Kuku mkubwa aliye mkavu huvumilia baridi, kwani mwili wake una joto la digrii 41 hivi, na manyoya ndiyo blanketi lake. Adui zake ni unyevu na upepo.

Basi yafaa tufanye hivi kabla ya Juni. Kwanza, kwa kuwa banda lenye miguu hupigwa na upepo toka chini, sakafu ya fito ifunikwe kwa mbao, na juu yake maranda makavu kimo cha sentimita 10; yaliyolowa yaondolewe. Pili, ukuta uelekeao upepo uzibwe hata kupita vichwa vya kuku walalapo. Lakini chini ya paa, upande wa pili, uachwe mwanya wenye wavu. Tatu, ubao wa kulalia uwe bapa, upana wa sentimita 5, ili kuku afunike vidole kwa manyoya ya kifua. Nne, jioni wapewe mahindi kidogo yaliyovunjwa, maana chakula kikisagwa tumboni huleta joto.

Tena tusisingizie baridi kila kifo. Kideri hakizuiwi na ukuta, bali na chanjo. Tumwendee Afisa wa Mifugo mapema.

Kila mwanachama na aingie bandani mwake alfajiri, avute pumzi. Macho yakimchoma, ajue kuku wake wameteseka usiku kucha, na afungue mwanya siku ile ile.

Nimekoma hapo.