Maji Katika Misemo ya Waingereza na Yetu

Leo twataka kusema habari za neno ambalo kila mtu wa Ufipa alilijua kabla hajajua kusoma, nalo ni maji. Hatutasema juu ya kuchimba visima wala magonjwa ya maji machafu. Hayo yana siku yake. Twataka kutazama jinsi Waingereza wanavyolitumia neno hilo katika misemo yao ya kila siku. Wanafunzi wa Sumbawanga hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha wakiingia sekondari hukuta masomo ni kwa Kiingereza, na misemo hii inawangoja mlangoni.

Msemo haufunguliwi neno kwa neno. Tuchukue mfano wa siku za ukoloni, Mwingereza alipokuwa akiketi kusikiliza kesi na mkalimani akisimama katikati. Tuseme mzee mmoja amekwisha kueleza kwamba shamba linalogombaniwa lilikuwa la baba yake. Hakimu ajibu kwa Kiingereza kwamba habari hiyo haishiki maji. Mkalimani asiyejua ila kamusi atamwambia, "Mzee, bwana asema maneno yako hayashiki maji." Mzee atashangaa, maana yeye hakutaja maji, ametaja shamba. Kumbe ameambiwa kwamba ushahidi wake una kasoro na shamba li karibu kumpotea, wala hajui kwamba yampasa kuongeza neno au kuita shahidi. Na maana yenyewe si ngumu kwa mtu aliyepata kubeba mtungi kutoka mtoni. Mtungi wenye ufa waweza kupendeza macho, lakini ukifika nyumbani u mtupu. Hoja isiyoshika maji ndiyo mtungi huo.

Kinyume chake ni hatari vile vile. Mzee akilia, "Bwana, maji yamenifika shingoni," na mkalimani akayapeleka maneno hayo kama yalivyo, hakimu aweza kuuliza ni mto gani aliovuka. Ajabu ni kwamba Waingereza nao wana picha hiyo hiyo, ila wameitazama kutoka juu. Mtu mwenye madeni, apataye kwa shida cha kula na cha kulipa, wao husema ameweka kichwa chake juu ya maji. Sisi twapima maji yalipofika, wao wapima kichwa kilichosalia. Mkalimani hodari angaliwafahamisha wote wawili kwa neno moja tu.

Tuje kwa maji ya moto. Mwingereza akisema kwamba fulani yumo ndani ya maji ya moto, hasemi kwamba anaoga. Maana yake fulani amejitia mashakani, na mara nyingi ni kwa kosa lake mwenyewe. Mwanafunzi wa Ufipa aweza kuteleza hapa kwa urahisi, kwani mwezi wa Juni na Julai, upepo wa uwandani ukivuma alfajiri, maji ya moto ni neema, wala hakuna ayaogopaye. Maji baridi nayo yana mtego wake. Kumwagia shauri la mtu maji baridi, kwa Kiingereza, ni kumvunja moyo, kama azimaye moto uliokuwa ukianza kuwaka vizuri. Kwetu, amwagaye maji penye moto wa ugomvi husifiwa. Basi msomaji aulize kwanza ni moto gani uliozimwa.

Mambo ya chuki yaliyokwisha huitwa nao maji yaliyopita chini ya daraja. Sisi twasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kwa maoni yetu msemo wa Kiswahili umezidi, maana umeongeza kazi ya kufanya. Ule wa daraja wamwacha mtu amesimama akitazama mto. Ama mgeni asiyezoea mahali alipo, ambaye wao humwita samaki nje ya maji, watu wa Kirando na Kasanga hawahitaji kuelezwa.

Wala mtu asidhani kwamba misemo yetu itavuka salama kwenda Kiingereza. Ukiandika kwa lugha hiyo kwamba jirani yako amepiga maji, Mwingereza atamwona mtu apigaye mto kwa fimbo, asijue kwamba ni mlevi. Na tukumbuke kwamba mingi katika misemo ya Kiswahili ni ya watu wa pwani, waonao maji yakijaa na kupwa kila siku. Ziwa Rukwa nalo hupanuka na kupungua, lakini kwa miaka, si kwa saa.

Neno la mwisho ni lile ambalo nchi ya Ufipa yenyewe yaweza kulifundisha kuliko kitabu. Mgongo wa nchi ugawao maji, Waingereza huuita watershed. Uwanda wa Ufipa umesimama juu ya maziwa mawili. Mvua inyeshayo mashariki hushuka bonde la Rukwa, na ziwa hilo halina mto wa kutokea. Maji yake huishia humo, yakakaushwa na jua. Mvua iingiayo mto Kalambo huanguka katika maporomoko ya zaidi ya mita 200, ikafika Ziwa Tanganyika. Katika ziwa hilo yako maji yatokayo kwa mto Lukuga, ambao Mwingereza Cameron aliufikia mwaka 1874, yakaenda mto Kongo hata bahari ya Atlantiki. Matone mawili yaangukayo karibu karibu penye mgongo, moja huku na moja kule, kila moja lina safari yake.

Kwa hiyo Waingereza hulitumia neno hilo kwa siku au tendo ambalo baada yake mambo hayakurudi kama yalivyokuwa. Mtu akiandika kwamba tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa watershed kwa Tanganyika, hasemi habari za mvua. Asema kwamba tangu siku ile ya uhuru nchi ilishika njia nyingine.

Wakati wetu umekwisha. Katika mazungumzo yajayo tutatazama misemo ya moto. Kwaherini.