Uliza Leseni Kwanza

Mtoto asipoongeza uzito, mama huhangaika. Sokoni hukosi mtu anayeuza unga wa lishe huku akijiita daktari wa chakula. Kabla hujampa pesa, mwombe akuonyeshe leseni.

Hapa Kenya, sheria ya wataalamu wa lishe ya mwaka 2007 iliunda taasisi iitwayo KNDI. Kazi yake ni kuwasajili wataalamu hao na kuwapa leseni. Anayefanya kazi hiyo bila kusajiliwa anavunja sheria. Leseni hufanywa upya kila mwaka, kwa hivyo soma jina na mwaka.

Kwa nini tujali? Mtoto aliyekonda huenda ana kifua kikuu au minyoo. Unga hautibu hayo. Mtaalamu humpima mtoto uzito, urefu na unene wa mkono, na akiona hatari humtuma kwa daktari.

Jirani akikushauri upike uji wa wimbi, si kosa. Lakini mtoto akivimba miguu au akikataa kunyonya, usingoje. Mpeleke kituo cha afya leo, na ubebe kijitabu cha kliniki.