Somo la Tisa: Baba Mmoja, Michezo Mitatu



Katika somo lililopita tulisema juu ya wajibu wa watoto kwa wazazi wao. Leo tugeuze upande: wazazi nao wana wajibu gani kwa watoto? Nitaanza na Jumamosi moja ya nyumbani kwangu, siku ambayo mimi mwenyewe nilikosa.

Nina watoto watatu wanaocheza. Kifungua mimba ni mvulana, naye hucheza mpira wa miguu. Wa pili ni binti, yumo katika kundi la nzango. Kitinda mimba hupiga mbio. Jumamosi ile mpira ulikuwa saa tatu ng'ambo ya mto, nzango saa nne katika uwanja wa misioni, na mbio za watoto saa tisa. Mama yao alikuwa na muhogo wa kupeleka sokoni. Baiskeli ni moja, na baba ni mmoja.

Basi, nikampakia kijana nyuma ya baiskeli, tukaenda. Wala sikufikiri mara mbili. Nilijiambia kwamba mpira una faida, na pengine siku moja mwanangu atavaa jezi ya Mazembe. Nzango niliihesabu kuwa kurukaruka tu kwa wasichana. Mchezo ulichelewa kuanza. Niliporudi ilikuwa jioni, na mbio nazo zilikuwa zimekwisha.

Nilimkuta binti akitwanga sombe. Nikamwuliza, "Mlichezaje, mama?" Akajibu, "Tulishinda, baba," wala hakuinua macho. Hapo nikakumbuka kwamba ile jezi niliyokwenda kuitazama ng'ambo ya mto, ni yeye aliyeifua siku ya Ijumaa, akaianika karibu na moto ikauke upesi.

Usiku mke wangu akaniambia, "Baba, mpira umeuhesabu kazi, na nzango umeihesabu upuuzi. Ni nani aliyekupa hesabu hiyo?" Nikakosa jibu.

Ndugu, mchezo si dhambi. Wabenedikto wa Élisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, ndio walioanzisha mwaka 1939 timu iliyokuja kuitwa Mazembe, kwa ajili ya wanafunzi wao. Timu hiyo imekuwa bingwa wa Afrika mara 5: mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Nzango nayo si upuuzi. Wasichana wawili husimama wakitazamana, wenzao wakiimba na kupiga makofi. Wanaruka, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele, na nukta hutolewa kwa kulinganisha miguu yao. Asiye na sikio jepesi na mguu mwepesi hashindi.

Sasa tuulizane.

Ulizo: Je, mzazi analazimika kuhudhuria kila mchezo wa kila mtoto?

Jibu: Hapana. Mungu hamdai mtu kuwa mahali pawili kwa saa moja.

Ulizo: Basi, kosa langu lilikuwa wapi?

Jibu: Nilipima watoto wangu kwa mizani mbili. Kumbukeni mzee Yakobo: alimpa Yozefu peke yake kanzu nzuri, na wivu ukaingia nyumbani mwake, hata ndugu wakamwuza ndugu yao. Yakobo hakuwachukia wengine. Alisahau tu kwamba walikuwa wakimtazama.

Ijumaa iliyofuata tuliketi karibu na moto, kila mtoto akataja saa yake. Tukapatana hivi: aliyetazamwa juma lililopita atangoja, baba aende huku, mama aende kule, na mjomba ampeleke mdogo. Nikamwomba binti anisamehe. Alicheka kwa haya, lakini kesho yake aliniona uwanjani, akaruka kama swala.

Lilibaki jambo la Dominika. Mchezo mmoja wa kijana uliwekwa saa ile ile ya Misa. Nilimwendea mwalimu wao kwa heshima, nikamwomba abadili saa, hakukubali. Kijana alikwenda Misa pamoja nasi, akakosa mchezo, akanuna siku mbili. Sikumwambia kwamba ni jambo dogo, kwa maana kwake halikuwa dogo. Nilimwambia tu kwamba nyumbani mwetu kila mtu hungoja zamu yake, lakini Misa haingojeshwi.

Enyi wazazi, kazi yenu ya juma hili ni hii. Mwulizeni kila mtoto, hasa yule asiyedai kitu, "Wewe unacheza nini, na saa ngapi?" Kisha shikeni ahadi mtakayotoa. Mtoto husahau upesi magoli ya mchezo, lakini hasahau ni nani aliyesimama pembeni mwa uwanja akimtazama.

Mungu azibariki nyumba zenu. Kwa herini hata somo lijalo.