Antena Kwanza, Malipo Baadaye: Haki ya Mkazi wa Mlimani Kuona Chaneli za Bure

(Yafuatayo ni maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata. Yamechapishwa kwa manufaa ya wote ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimepewa nafasi hii nijibu maswali mawili ambayo wakazi huyauliza mara kwa mara. La kwanza: kwa nini runinga iliyoonyesha vizuri wiki iliyopita, leo picha inaganda au haionekani kabisa? La pili: je, ni lazima mwananchi alipie kifurushi kila mwezi ndipo aone taarifa ya habari? Jibu la swali la pili ni hapana. Jibu la swali la kwanza, kwa sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mara nyingi liko juu ya bati, penye antena.

Naomba nianze na historia kwa ufupi. Mwaka 2006, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilikubaliana mjini Geneva, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), kuhama kutoka mfumo wa analojia kwenda dijitali kabla ya tarehe 17 Juni 2015. Tanzania ilianza mapema. Mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Moshi na Arusha ikafika mwezi Machi 2013. Faida ya mfumo mpya ni kwamba masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja sasa hubeba chaneli nyingi, na masafa yanayobaki hutumika kwa mawasiliano mengine, ikiwemo intaneti ya simu.

Hata hivyo, mfumo huu una tabia moja ambayo wengi hatukuizoea. Zamani mawimbi yakipungua, picha ilijaa chenga, lakini mtu aliendelea kutazama. Dijitali haina chenga. Mawimbi yakitosha, picha ni safi kabisa. Yakishuka chini ya kiwango, picha hukatika vipande, huganda, kisha hutoweka. Ndiyo maana mtu hudhani king'amuzi kimeharibika, au kampuni imemfungia, kumbe antena imegeuzwa na upepo kidogo tu.

Sasa tuutazame mlima wetu. Mawimbi ya televisheni ya antena husafiri karibu na mstari ulionyooka. Hayapindi kona kwa urahisi wala hayapenyi kilima. Miteremko ya kusini imekatwa na makorongo ya mito kama Karanga na Rau, inayoshuka kutoka msituni kwenda tambarare. Nyumba iliyo juu ya mgongo wa kilima huona mbali pande zote. Nyumba iliyo chini korongoni imezibwa mashariki na magharibi, na mara nyingi uwazi wake uko upande wa kusini tu. Kwa hiyo majirani wawili wanaosikilizana wakiitana wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa za mapokezi, na hakuna anayemdanganya mwenzake.

Jambo la pili ni migomba na miti ya vihambani. Majani mabichi, hasa yaliyolowa, hupunguza nguvu za mawimbi. Antena iliyofungwa wakati wa kiangazi inaweza kufanya kazi vizuri, kisha baada ya masika mgomba ukaipita kimo na picha ikaanza kuganda. Kabla ya kununua kifaa kipya, tazama kwanza ni nini kimeota mbele ya antena yako.

Ndugu wananchi, naomba tufuate utaratibu huu kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, tambua unachohitaji. Antena hupokea mawimbi kutoka mnara ulio ardhini. Dishi hupokea kutoka setilaiti iliyo angani. Vifaa hivi havibadilishani, na king'amuzi cha antena si king'amuzi cha dishi. Ikiwa runinga yako ina alama ya DVB-T2, inaweza kupokea mawimbi ya antena yenyewe. Iunganishe na antena na utafute chaneli kabla ya kununua king'amuzi. Chaneli zilizofungwa hazitaonekana kwa njia hiyo, lakini kujaribu hakuna gharama.

Pili, ielekeze antena kunako mnara. Hakuna mnara wa televisheni kileleni Kibo, hivyo kuielekeza huko kwa imani kwamba juu ndiko kwenye mawimbi ni kupoteza muda. Tazama antena za majirani walio kwenye mgongo uleule wa kilima na ambao picha yao ni nzuri. Angalia upande zinakotazama, na pia kama vijiti vyake vimelala au vimesimama. Vya kwako viwe kama vyao.

Tatu, fungua kwenye king'amuzi ukurasa unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi. Mmoja ageuze antena polepole, mwingine asome namba. Kinachotafutwa zaidi ni ubora. Ukiisha kuupata, kaza skrubu, kisha utafute chaneli upya.

Nne, kagua waya. Waya uliounganishwa kwa kusokotwa kwa mkono, au ulioingiwa na maji ya mvua, hupoteza mawimbi yaliyokwisha kupatikana. Kifaa cha kuongeza nguvu husaidia pale ambapo mawimbi mazuri yanadhoofishwa na waya mrefu. Pasipo na mawimbi hakiyaumbi. Antena ya ndani, chini ya bati, ni ya mwisho kutegemewa huku kwetu.

Nyumba ambayo imejaribu yote hayo, ikainua antena na bado ubora hausomeki, huenda iko katika kivuli cha kilima. Hapo dishi ndilo suluhisho, kwa kuwa lenyewe linahitaji tu uwazi wa anga upande iliko setilaiti.

Usalama nao usisahaulike. Nguzo ya antena isimamishwe mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba hata ikianguka haiwezi kuzigusa. Tusipande juu ya bati lililolowa. Radi zinapoanza, tuchomoe waya wa umeme na waya wa antena pia, mapema, kabla mvua haijafika.

Sasa nifike kwenye malipo. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, hutoa leseni kwa chaneli za kulipia na kwa chaneli za kutazamwa bila malipo, zikiwemo TBC1, ITV, Star TV na EATV. Kampuni zenye leseni ya kusambaza matangazo kwa minara ya ardhini zinatakiwa kuziacha wazi chaneli za bure hata kama kifurushi cha mteja kimekwisha. Mwaka 2018 TCRA ilizizuia kampuni za dishi za kulipia kuonyesha chaneli hizo, kwa sababu leseni zao hazikuziruhusu. Msingi wa hatua hiyo ni huohuo: mwananchi asitozwe kwa chaneli iliyokusudiwa kumfikia bure.

Kwa nini Halmashauri ijishughulishe na jambo hili? Kwa sababu runinga si burudani peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotahadharisha juu ya mvua kubwa, maji yanayonyesha huku juu ndiyo yanayofurika Kahe na Mabogini. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, vipindi vya masomo vilirushwa kwa redio na televisheni. Nyumba ambayo chaneli zake za bure zimezimika kwa kukosa kifurushi, au kwa antena iliyogeuka, hukosa taarifa hizo wakati inapozihitaji zaidi.

Kwa hiyo, anayekuta chaneli ya bure imefungwa, aandike tarehe, saa, jina la chaneli na namba ya king'amuzi, na atunze risiti. Aanze kwa kampuni iliyomuuzia. Asiporidhika, apeleke malalamiko ofisi ya TCRA Kanda ya Kaskazini iliyoko Arusha. Na pale ambapo kitongoji kizima hakipati mawimbi, msilalamike mmoja mmoja. Orodhesheni kaya kupitia mwenyekiti wa kitongoji, orodha ifike kwa Mtendaji wa Kata. Barua ya kaya nyingi, yenye maelezo ya mahali zilipo, ina uzito kuliko simu ya mtu mmoja mwenye hasira.

Leo mkirudi nyumbani, kabla ya kujaza kifurushi, tazameni kwanza juu ya bati.