Ufumaji kwa Watu Wazima
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka kwa niaba ya darasa la kufuma)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, na wanachama wote,

Halmashauri imetutaka sisi wanafunzi wa darasa la kufuma tueleze kazi tuifanyayo kila Jumamosi jioni katika chumba cha chama, kwa kuwa leo mtaamua kama tuendelee kukitumia chumba hicho au kipangishwe. Tumeyasikia maneno ya wenzetu waulizao, "Watu wazima, wengine wenye wajukuu, wana haja gani na sindano na uzi?" Swali hilo ni la haki, maana mali ya chama ni mali ya wote. Basi twaomba tulijibu kwa utaratibu.

Neno la kwanza ni umri. Husemwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Twaona kwamba methali hiyo yahusu malezi na tabia, wala haikusudii vidole. Kwa habari ya vidole wahenga walituachia neno jingine, kwamba ujuzi hauzeeki. Kufuma kwa sindano mbili kuna vitanzi vya namna mbili tu: kile kivutwacho kuja mbele, na kile kisukumwacho kwenda nyuma. Ukifuma kile cha kwanza peke yake katika kila mstari, utapata kitambaa chenye matuta pande zote mbili. Ukifuma mstari mmoja hivi na mstari wa pili vile, upande mmoja utakuwa laini, walakini kingo zitajikunja. Ukivichanganya viwili viwili katika mstari mmoja, utapata ukingo unaonyumbuka, kama ule wa shingoni na mikononi mwa sweta. Mengine yote yametokana na hayo.

Hata katika kujifunza, mtu mzima anayo akiba yake. Kabla ya kuanza sweta imempasa mfumaji afume kipande kidogo na kuhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Akipata vitanzi 20, na kifua chahitaji sentimita 90, atajua kwamba jumla yake ni vitanzi 180. Karani, seremala na mama mwenye duka huielewa hesabu hiyo mara moja, kwa kuwa wamekuwa wakipima na kuhesabu maisha yao yote.

Neno la pili ni kwamba hii ni kazi ya wanawake. Wenzetu wanaume watano walio darasani wamechekwa sana sokoni kwa sababu hiyo. Twapenda wazee wajue kwamba soksi za kufumwa za pamba zilizopatikana Misri zilifumwa kabla ya mwaka 1400, na kwamba mtu aliyebuni mashine ya kufumia soksi mwaka 1589 alikuwa mwanamume Mwingereza, William Lee. Katika kisiwa cha Taquile, nchini Peru, wanaume ndio wafumao kofia kwa sindano, na shirika la UNESCO liliutukuza ufundi wa kisiwa hicho mwaka 2005. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Mjini Lamu wanaume hukaa barazani wakidarizi kofia, na wapitao huwapa salamu na kwenda zao, hakuna awachekaye.

Neno la tatu lilisemwa na mzee mmoja tumheshimuye sana, kwamba sindano hizi zililetwa na wakoloni. Ni kweli kwamba chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, mwaka ule ule wa kutangazwa Hali ya Hatari, na kwamba vikundi vyake vilifundisha kushona, kufuma, upishi na usafi wa nyumba chini ya uangalizi wa serikali ya kikoloni, iliyovitumia pia kwa makusudi yake yenyewe. Wako mama waliokataa kujiunga kwa sababu hiyo, nasi hatuwalaumu. Lakini wako pia waliojifunza kule, wakawavisha watoto wao katika baridi ya nyanda za juu, na baadaye wakawafundisha binti zao. Mwalimu wetu ni binti wa mmoja wao, naye hutufundisha bila malipo. Ufundi ukiisha kuingia mikononi mwa mtu huwa ni wake.

Neno la nne ni fedha, na hapa hatutaki kuwadanganya. Sweta ya mtumba hupatikana sokoni kwa bei ndogo kuliko uzi peke yake, na ile ya mashine humalizika kabla ya mfumaji wa mkono kufika kwapani. Mtu akitaka biashara, na atafute nyingine.

Faida tuliyoiona ni ya namna nyingine. Chama hiki kiliundwa ili watu watazamane katika shida, na sote twajua jinsi tulivyo: katika mazishi twaja wengi, na baada ya mwezi mmoja mfiwa hubaki na kuta zake. Mwenzetu mmoja aliyefiwa na mkewe alikoma kuja mikutanoni. Tulimtembelea, akatupa chai, akanyamaza. Alipoitwa darasani alikuja kwa kutuheshimu tu. Sasa yapata mwaka hajakosa Jumamosi hata moja. Hasemi mengi, wala hatumlazimishi. Mikono ikiwa na kazi, kimya hakimwonei mtu haya. Siku moja alifumua mistari mingi aliyokwisha kufuma, akasema kwamba jambo limpendezalo katika kazi hii ni kuwa uzi haupotei. Nasi tuliokuwa pale tukainamia sindano zetu.

Kadhalika kuna watoto wachanga. Mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, hupoteza joto upesi, na kichwa chake ni kikubwa kwa mwili wake. Kwa hiyo kofia humfaa sana. Kofia moja ndogo ni kazi ya jioni mbili, na uzi wake ni haba. Twakusudia kuzifuma kwa uzi laini unaofulika, tuzipeleke kwa wauguzi wa wadi ya wazazi, wazigawe kwa wenye haja.

Basi, Bwana Mwenyekiti, maombi yetu ni matatu. Tuachiwe chumba siku ya Jumamosi kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na siku nyingine kipangishwe kama halmashauri ionavyo vema. Sindano zibaki mali ya chama, ziandikwe katika daftari, ili mgeni asiye na kitu aweze kuanza. Uzi wa sweta zetu tutaununua wenyewe; chama kitusaidie uzi wa kofia za watoto peke yake, na hesabu yake isomwe hapa kila mwaka.

Mkikubali, twawakaribisha wote, hasa wale waliotucheka, kwa kuwa viti viko. Mkikataa, tutaitii amri ya mkutano na kutafuta baraza ya mtu. Ila twaomba, kabla ya kupiga kura, kila mmoja amfikirie mwanachama mmoja ambaye hajamwona tangu mkutano wa mwaka jana.