Ng'ombe wa Zizini, Nyama ya Mezani

Ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ukakuta "slim" na "skinny" yote yamefasiriwa "-embamba", usidhani umemaliza kazi. Mwambie dada "slim", atatabasamu. Mwambie "skinny", umemwita kimbaumbau, na hapo utajibeba.

Sasa twende buchani, tuone mfano mwingine wa neno letu moja kuwa mawili kwa Kiingereza. Sisi tuna ng'ombe, na nyama yake ni nyama ya ng'ombe, basi. Mwingereza ana "cow" zizini na "beef" mezani, "sheep" malishoni na "mutton" sahanini. Majina ya mifugo ni ya Kiingereza cha kale. Ya nyama yalitoka Kifaransa, lugha ya mabwana waliotawala baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kuku, kwa ubishi wake, amekataa mpango huo: bandani "chicken", mezani "chicken".

Ukijifunza maneno hayo mawilimawili, moja huvuta jingine. Kwa hiyo leo, kwenye daftari lako, neno jipya usiliandike peke yake. Andika maana, maneno mawili jirani yake kimaana, na sentensi moja uliyoitunga mwenyewe, hata kama ina makosa.